Na Wao Hawalimi?

Hesabu ilichukua mistari mitatu. Ekari 12 za mbaazi. Kilo 500 kwa ekari. Shilingi 2,000 kwa kilo. Jibu: shilingi 12,000,000. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, nikamgeuzia Baba daftari aone mwenyewe.

Ilikuwa Desemba 2016, nyumbani kwetu upande wa Galapo, wilayani Babati, chini ya Mlima Kwaraa. Shule zilikuwa zimefungwa nami nimekuja likizo. Mvua za kupandia zilikuwa zinasuasua, mwenye trekta alikuwa ameahidi kufika Jumatatu, na familia ilitakiwa iamue tunapanda nini.

Miaka yote swali hilo halikuhitaji kikao. Babati tunachanganya: mahindi na mbaazi shamba moja, mstari huu na mstari ule. Mahindi yanawahi kukomaa na kuvunwa, mbaazi zinabaki zimesimama mpaka Agosti na Septemba. Mahindi ni ugali, mbaazi ni hela. Ekari mbili za bondeni zilikuwa za maharage, na hizo zilijulikana kuwa ni za Mama. Hakuna aliyetajirika kwa mpango huo, na hakuna aliyelala njaa.

Ila bei ya 2015 ilikuwa imetukaa kichwani. India ilipata mvua haba miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015, na India ndiko mbaazi zetu karibu zote zinakokwenda, kukobolewa na kupikwa mchuzi wao wa kila siku. Malori yalikuja mpaka kijijini. Madalali waligombania magunia mlangoni kwa watu. Sisi tuliuza kwa shilingi 2,000 na kitu kwa kilo, bei ambayo Baba hakuwahi kuiona tangu aanze kulima. Jirani akaezeka bati jipya. Mwingine akanunua pikipiki. Halafu Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akaja Dar es Salaam, na kijijini ujio ule ukapokelewa kama risiti: mteja kaja mwenyewe dukani. Hakuna kati yetu aliyejishughulisha kujua kwamba makubaliano ya kununua mazao ya jamii ya kunde katika safari ile ile yalitiwa saini Maputo, kati ya India na Msumbiji. Tulisikia tulichotaka kusikia, tukakikuza.

Kikaoni tulikuwa watano: Baba, Mama, baba mdogo, mdogo wangu wa kiume na mimi. Wazo la kuacha mahindi na maharage mwaka huo, tupande mbaazi tupu ekari zote, lilikuwa la baba mdogo. Lakini kilicholipitisha ni daftari langu. Mimi ndiye mwalimu wa hisabati. Nilipomaliza kuzidisha, mjadala ulikuwa umekwisha.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na hao Wahindi wenyewe hawalimi?"

Baba mdogo akacheka. Mimi nikamjibu kwa upole, ule upole wa mtu anayejiona anajua: "Wanalima, Mama, ila hazitoshi. Wako zaidi ya bilioni moja." Mama akasema "haya," akaendelea na mchicha wake.

Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu ya utu uzima. Nililijibu swali ambalo sikuwa na jibu lake. Sikuwa nimesoma kitu chochote kuhusu mbaazi za India. Simu yenye intaneti ilikuwa mapajani mwangu, na ningeitumia robo saa tu, ningekuta yafuatayo. India ndiyo inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Wakulima wa majimbo kama Maharashtra na Karnataka wanapanda Juni na Julai, wanaanza kuvuna mwishoni mwa mwaka. Mvua zao za 2016 zilikuwa nzuri. Na mkulima wa Maharashtra alikuwa ameiona bei ile ile niliyoiona mimi, tena aliiona kabla yangu, maana ilikuwa sokoni kwake. Akapanda. Mavuno yao yakaruka kutoka tani milioni mbili na nusu hivi hadi karibu milioni tano. Siku ninamgeuzia Baba daftari, mbaazi zilizokuja kutuangusha zilikuwa zimeshakomaa mashambani mwao.

Bei ya juu ni tangazo la hadharani, na sisi tulilisoma kama barua ya siri iliyoandikwa kwetu. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kuzidisha. Kosa lilikuwa kwenye ile 2,000, niliyoiandika kana kwamba ni urefu wa shamba, kitu kilichopimwa na kisichohama. Ekari ningeweza kwenda kuzihesabu kwa miguu. Bei nilikuwa naidhania, na dhana yangu nikaivalisha tarakimu ikaonekana kama kipimo.

Tukapanda. Mkopo wa trekta na dawa, shilingi 1,800,000, tuliuchukua kwenye kikoba kwa jina langu.

Mbaazi zilitoka nzuri, na hilo lazima nilikiri. Kufika Mei na Juni shamba lilikuwa njano tupu, maua mpaka mwisho wa macho, nyuki wanavuma unawasikia ukiwa barabarani. Baba alikuwa anakwenda jioni kusimama tu. Huku ndani tulikuwa tunanunua unga, kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka, na mwanzoni mwa mwaka ule mahindi yalikuwa ghali. Mama hakusema neno. Maharage nayo tukawa tunanunua.

Agosti 2017, wakati tunaanza kuvuna, serikali ya India ikaweka ukomo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka, kwa nchi zote zisizo na makubaliano maalumu nao. Wakulima wao walikuwa wanalia kwamba bei imeshuka hata chini ya ile ambayo serikali yao iliahidi kuwalinda nayo, na serikali ikawasikiliza. Sisi habari ilitufikia kwa njia ya dalali. Alikuja na pikipiki safari hii, bila lori, akashika mbaazi kiganjani, akazimimina tena kwenye gunia, akasema, "450."

Tulikuwa tumepata kilo 5,700. Mavuno mazuri. Angezichukua zote siku ile, zingekuwa shilingi 2,565,000: mkopo umelipwa na kitu kimebaki. Baba akanitazama. Nikasema, "Hapana, tusubiri irudi kwenye bei yake halisi."

Bei yake halisi. Maneno hayo niliyatamka mimi, na nilimaanisha 2,000. Msimu mmoja wa bei ya ajabu ulikuwa umegeuka kuwa kipimo cha haki kichwani mwangu, na kila bei iliyokuja baada yake niliiona ni wizi. Ningeliuliza swali jepesi: kama leo nisingekuwa na gunia hata moja, nikawa na 2,565,000 taslimu, je, ningekwenda kununua mbaazi kwa 450 nikitumaini zitapanda? Nisingethubutu. Lakini kutouza kwa 450 ni sawasawa na kununua kwa 450. Hilo nililielewa miezi mingi baadaye, nikiwa nasahihisha mitihani, na kalamu ikanisimama mkononi.

Oktoba ikawa 200. Tukauza kilo 2,000 ili kikoba wasitushike, tukapata 400,000. Zilizobaki tukaziacha chumba cha nyuma. Mbaazi zikianza kubunguliwa, unaanza kusikia kabla hujaona. Usiku nyumba ikitulia, kunakuwa na mchakacho mdogo ndani ya magunia, kama mvua ya mbali. Ukiingiza mkono, gunia lina joto. Ukiutoa, umejaa unga wa kijivu. Februari 2018 tulichekecha, tukapepeta, tukaokoa kilo 2,500, tukaziuza kwa 130. Ikawa 325,000. Jumla ya msimu mzima, 725,000. Baba akauza ng'ombe wawili kumaliza mkopo ulioandikwa jina langu, akakataa tulizungumzie.

Mwezi ule kulikuwa na mkutano wa kijiji. Kila aliyesimama alikuwa na wa kumlaumu: India, serikali, madalali, mizani. Na kweli, katika hao hakuna asiye na sehemu yake. Ukomo wa India ulikuwa wa ghafla, na wafanyabiashara wengine walitumia nafasi ile kutukaba. Baba alisubiri mpaka mwisho, akasema methali ambayo kila mtu pale aliijua: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akakaa.

Watu waliguna. Mimi methali ile iliniingia vibaya, kwa sababu mbaazi zetu hazikukosa maua. Zilijaa maua kuliko mwaka wowote. Nikatembea nayo wiki nzima mpaka nikaona Baba alikuwa anasema nini. Maua tuliyoyakosa ni ya Desemba, kwenye kikao, kabla mbegu haijaingia ardhini. Jua lilikuja kutuchoma Agosti, lakini kuchagua kusimama bila kivuli kulikuwa kwetu.

Nilianza kusoma, kwa uchungu zaidi kuliko kwa udadisi. Nilitaka kujua inakuwaje watu watano wasio wajinga, wenye mapenzi mema kati yao, wakae meza moja na wakose kuona kitu ambacho mmoja wao amekitamka kwa sauti. Nikakutana na jaribio ambalo mwanasaikolojia wa London, Peter Wason, alilichapisha mwaka 1960. Ni rahisi kiasi kwamba nilikwenda kulifanya kwenye kikoba chetu Jumamosi iliyofuata, baada ya kuhesabu hisa.

Niliwaambia hivi: nina kanuni kichwani, na namba 2, 4, 6 zinaifuata. Nitajieni namba tatu tatu, nitasema ndiyo au hapana, na mkishakuwa na uhakika mniambie kanuni. Mwenyekiti akaanza: 8, 10, 12. Ndiyo. Mwingine: 20, 22, 24. Ndiyo. Mwingine: 100, 102, 104. Ndiyo. Wakaanza kupiga makofi. Mwenyekiti akasema kanuni ni namba shufwa zinazofuatana. Nikasema hapana. Kukawa kimya. Wakajaribu 30, 32, 34. Ndiyo. Wakasema basi ni kuongeza mbili kila mara. Nikasema hapana tena, na sasa wengine wakaanza kukasirika.

Kulikuwa na mama mmoja anayeuza vitumbua stendi, mkimya sana. Akasema: 6, 4, 2. Nikasema hapana. Akasema: 1, 2, 50. Nikasema ndiyo. Akatabasamu: "Zinapanda tu. Namba yoyote, mradi inayofuata ni kubwa." Ndiyo ilikuwa kanuni. Nikamuuliza kwa nini alitaja 6, 4, 2. Akanijibu, "Wenzangu wote walikuwa wanatafuta ndiyo. Nilitaka kusikia hapana yako inatokea wapi."

Kati ya wanafunzi 29 wa Wason, ni 6 tu waliopata bila kutoa kwanza jibu la makosa, kwa hiyo kikoba chetu hakina cha kuona aibu. Mtu akishakuwa na wazo, anakwenda kulitafutia ndiyo, na ndiyo zinapatikana kwa urahisi mno. Sisi 2016 tulikuwa na ndiyo nyingi: bati la jirani, pikipiki ya mwingine, malori, ziara ya Waziri Mkuu. Kila moja ilikuwa kweli. Mama peke yake ndiye aliyetaja 6, 4, 2, na tulimcheka.

Tangu siku ile, likija jambo zito, najiandikia swali moja kabla ya jingine lolote: nikiwa nimekosea, ni kitu gani ningekiona sasa hivi? Halafu natoka kwenda kukitafuta, kwa miguu ikibidi.

Mdogo wangu alilitumia swali hilo vizuri kuliko mimi. Mwaka 2019 alitaka kuchukua pikipiki ya mkataba aendeshe bodaboda mjini Babati, alipe kila siku kwa mwaka mmoja na zaidi, halafu iwe yake. Alikuwa ameshaongea na vijana wa kijiweni, karibu kumi, na wote walimwambia inalipa. Nikamuuliza, "Pale kijiweni umeongea na nani?" Akasema na madereva. Nikamuuliza waliopokonywa pikipiki wako wapi. Akanyamaza. Hawako kijiweni. Ukienda kijiweni kuuliza kama bodaboda inalipa, unawauliza waliobaki tu. Walioshindwa wamerudi shamba, au wanabeba zege, na hakuna anayewapitia kuwauliza.

Alitumia siku nne akawapata watatu. Nilidhani wangemwambia biashara ni mbaya, basi aiache. Hawakusema hivyo. Wote watatu walisema hela ya kila siku ilikuwa inapatikana. Kilichowaangusha ni wiki moja: mmoja aliugua malaria, mmoja alianguka akavunjika mkono, mmoja injini ilikufa. Mkataba haukuwa na nafasi ya wiki kama hiyo. Ukikosa siku kadhaa, chombo kinachukuliwa, na miezi tisa uliyolipa inakwenda nayo. Mdogo wangu akaacha kutafuta pikipiki, akaanza kutafuta mkataba. Alikaa miezi mitano mpaka akampata mwenye chombo aliyekubali kuandika siku za kuugua na za matengenezo. Na hakuianza kazi mpaka akawa na akiba ya kulipia wiki mbili. Pikipiki ni yake leo. Ingeweza isiwe yake, kwa ajali tu ya barabarani, na bado ningesema aliamua vizuri.

Hilo la mwisho lilinichukua muda kulikubali: uamuzi mzuri unaweza kuzaa hasara, na uamuzi mbovu unaweza kulipa. Fikiria India ingepata ukame wa tatu mwaka 2016. Tungepata milioni zetu 12, na mimi ningeitwa mwenye akili mpaka leo. Na daftari lingekuwa lile lile, lenye dhana ile ile isiyoulizwa. Mwaka mwingine lingetupeleka shimoni tukiwa na deni kubwa zaidi.

Nisiache mtu akadhani nilipona. Baada ya 2017 niliapa hatutapanda mbaazi tena. Baba alitaka turudi kwenye mchanganyiko wetu wa zamani. Mimi nikakataa kwa nguvu, na kwa kuwa deni lilikuwa limeandikwa jina langu, waliniachia. Mwaka 2018 hatukupanda, wala 2019, wala 2020. Mei 2021 India ikaondoa ukomo, mbaazi zikaruhusiwa kuingia huru. Niliisoma habari hiyo kwenye simu na nikaipita. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nashtuka na kuuita mshtuko wangu uzoefu. Baba alifariki mwaka huo huo, shamba likiwa na mahindi na alizeti.

Mwaka 2023 mavuno ya India yalipungua, na mnadani bei ya mbaazi ikavuka tena 2,000. Majirani waliovumilia kuchanganya mahindi na mbaazi miaka yote ile, mwaka mbaya na mwaka mzuri, waliuza. Sisi tulikuwa na mistari michache tu kando ya nyumba, ya mboga.

Nilikaa na maumivu yale mapya nikayalinganisha na yale ya zamani, nikaona ni ndugu. Mwaka 2016 mwaka mmoja mzuri ulinifanya niamini bei haitashuka. Baada ya 2017 mwaka mmoja mbaya ulinifanya niamini haitapanda. Tamaa na hofu zilikuwa zinafanya kazi moja: kunipa uhakika ambao hakuna mkulima wa mbaazi anastahili kuwa nao, kwa sababu mnunuzi wetu mkubwa ni nchi ambayo nayo inalima, mvua yake hatuijui na siasa zake hatuzipigii kura. Ukiwa na mnunuzi kama huyo, swali la bei itakuwa ngapi halina jibu. Lenye jibu ni hili: bei ikiwa 2,000 tutakuwa wapi, na ikiwa 150 tutakuwa wapi, na tunaweza kuishi sehemu zote mbili? Mchanganyiko wa wazee ulikuwa umelijibu swali hilo muda mrefu kabla sijazaliwa. Niliuona kama mazoea. Kumbe ulikuwa umeshapita kwenye miaka mingi mibaya kuliko ile niliyoijua mimi.

Sasa kikao tunakifanya kwa namna nyingine. Shida yetu kubwa haikuwa kukosa habari, ilikuwa ni nani anayesikilizwa. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo hatamki kinyume, na hiyo ni adabu ambayo sitaki kuivunja. Na mimi mwenye shule nikishapiga hesabu, hata mkubwa ananyamaza. Kwa hiyo tunaanza kimya. Kila mmoja anapewa punje 12 za mbaazi, kila punje ni ekari moja. Kwenye chumba cha ndani kuna vibakuli: mahindi na mbaazi kwa pamoja, mbaazi tupu, alizeti, maharage. Mtu anaingia peke yake, anagawa punje zake, na mdogo wangu anaandika kabla hajaingia mwingine. Hakuna anayejua mwenzake kaweka nini mpaka wote tumemaliza. Mama hapendi kuandika mbele za watu, lakini punje anazigawa upesi kuliko sisi wote.

Halafu tunafanya kitu nilichokipata kwa Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekieleza mwaka 2007. Tunasema: ni Septemba, tumevuna, na tumepata hasara kubwa. Kila mtu aeleze nini kilitokea. Mara ya kwanza baba mdogo alikasirika, akasema ninaiitia familia mkosi. Alinyanyuka kabisa. Mama akamwambia, "Shemeji, mbona mtaro tunauchimba kabla mvua haijanyesha?" Akakaa. Na yeye ndiye aliyetoa hadithi nyingi kuliko wote siku ile: viwavijeshi kwenye mahindi, dalali aliyekopa akatoroka, mvua iliyokata Machi, India imefunga tena. Kumbe alikuwa anazijua siku zote. Kikao cha 2016 hakikumwachia mlango wa kuzisema bila kuonekana anarudi nyuma kwenye wazo lake mwenyewe.

Novemba 2024 tulikaa tena. Bei ya mnadani msimu ule ilikuwa imetulipa vizuri wote tuliokuwa tumerudi kupanda, na kijiji kizima kilikuwa kinazungumza mbaazi tupu, ekari zote, kwa maneno ambayo ningeweza kuyamalizia kabla hayajatoka mdomoni mwa mtu. Niliona mkono wangu mwenyewe unakwenda kwenye kibakuli cha mbaazi tupu. Nikaweka punje sita, nikatoka.

Mdogo wangu alipofungua daftari akasoma majibu. Yeye aliweka saba mbaazi tupu. Baba mdogo tano. Mama alikuwa ameweka mbili kwenye maharage, kama kawaida yake, na saba kwenye mchanganyiko. Mdogo wangu akahesabu tena, akasema, "Mama, zako zimepungua. Ziko tisa."

Mama akafungua kiganja. Punje tatu zilikuwa bado mkononi.

"Hizi sijazipeleka," akasema. "Nataka kwanza mtu apige simu Lindi na Mtwara, aulize wenzetu kule wameandaa mashamba kiasi gani. Na Msumbiji kama kuna anayemjua mtu. Halafu huyo mwalimu wetu aangalie kwenye simu yake, mvua ya India mwaka huu ilinyesha?"

Nikatoa simu.